Rungu Jembamba la Kocha Asari

Watu wa Kuromatsu wakikuambia kwamba Asari Tamotsu alizaliwa na rungu la besiboli mkononi, usiwaamini. Alizaliwa na koleo la kuzolea theluji, kama sisi wote huku kaskazini. Ni mkulima wa mpunga, mtoto wa mkulima wa mpunga. Asubuhi yuko shambani na mabuti ya mpira, saa tisa na nusu alasiri yuko uwanjani na mabuti hayo hayo, kwa sababu husahau kuyabadilisha. Miaka thelathini na mmoja amefundisha besiboli katika sekondari yetu, na sijawahi kumsikia akilalamika isipokuwa juu ya fuko wanaochimba uwanja.

Mimi ni Togashi Fusae, mwalimu wa hesabu. Ni msimamizi wa klabu ya besiboli mwaka wa kumi na tisa sasa, na usidhani niliomba. Mkuu wa shule wa enzi zile alisema walimu waliobaki bila klabu ni wawili, mimi na mwalimu wa muziki, na mwalimu wa muziki akaanza kulia palepale. Basi nikabebeshwa mimi. Msimamizi hukaa benchini na kocha, anaandika matokeo na anahakikisha vijana wamekunywa maji. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa napiga miayo waziwazi. Mwaka wa tatu nikagundua kwamba nimeacha kupiga miayo, na aliyenifanyia hivyo ni huyu mzee.

Sasa ili unielewe, lazima ujue noku. Kocha husimama karibu na kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na rungu refu jembamba, jepesi kuliko lile la mechi. Anarusha mpira kidogo juu kwa mkono mmoja na kuupiga: huu chini kulia, huu chini kushoto, huu mbali kabisa karibu na uzio. Vijana wanaudaka, wanaurusha, wanarudi kwenye foleni. Mipira mia mbili, mia tatu kwa siku. Kijana hujifunza kudaka kwa noku, na kocha hupimwa kwa noku. Kabla ya kila mechi ya mashindano kila timu hupewa dakika saba za kuifanya mbele ya watu wote, na mpira wa mwisho huwa ni wa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya kituo cha nyumbani. Huo ni lazima upande juu wima na ushuke palepale ulipopandia. Hakuna pigo gumu kama hilo. Nimewaona makocha wa shule kubwa wakilikosa mara mbili, mara tatu, na jukwaa zima likiguna. Asari kwa miaka karibu thelathini hakulikosa hata mara moja. Kuna wazee waliokuwa wakija mapema uwanjani kwa ajili ya mpira ule mmoja, kisha mechi yenyewe wanasinzia.

Na jinsi alivyofundisha! Hapigi kelele. Kijana akikosea, anasimamisha mazoezi, anamwuliza: "Umeona nini?" Basi. Si "Kwa nini umekosa?" wala "Una macho ya nini wewe?" Anauliza umeona nini, na ukijibu "Nimeona mpira umeruka vibaya," anauliza tena, "Kabla haujaruka uliona nini?" Mpaka mwenyewe unafika kwenye kosa lako kwa miguu yako.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka ya mwanzo alikuwa anafoka mpaka kunguru wanahama. Mwaka wake wa pili wa ukocha alikuwa na kijana mmoja, Sawaguchi, aliyekuwa akikosa kila mpira wa juu. Asari akamfokea majira yote ya kuchipua, akamkimbiza mizunguko, akamwita kiazi mbele ya wenzake. Mwezi wa saba walipopimwa afya shuleni, nesi akagundua kwamba mtoto haoni vizuri. Miezi mitatu yule mtoto alikuwa anakimbilia kivuli, na hakuna mtu aliyemwuliza. Asari alinisimulia hayo mara moja tu, amegeuzia uso kwenye uzio. Sawaguchi sasa ana duka la miwani mjini, na kila mwaka mpya humletea kocha kitambaa cha kufutia lenzi, ingawa kocha havai miwani. Wanacheka mpaka wanakohoa.

Kitu cha pili ni madaftari. Kila mchezaji huandika ukurasa mmoja kila siku: nilifanya nini, nilikosea wapi, nimeona nini. Kocha anayasoma yote usiku na kuandika kwa kalamu nyekundu. Ukiwa umeandika jambo la kweli, si maneno matamu, anakuchorea ua. Ua la mwalimu, duara lenye petali kuzunguka, kama wanalopewa watoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Nimeona majitu ya miaka kumi na minane, yenye ndevu, yakinyang'anyana daftari kuhesabiana maua.

Januari ya mwaka jana maua yakakoma, ukaja mhuri. Ua la mpira la dukani, unaligonga kwenye wino, pa! Vijana wakafurahi kwamba kocha amekuwa wa kisasa. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimemwona akishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili kwenye banda la plastiki tunakofanyia mazoezi wakati wa theluji. Mkono wa kulia ulikuwa unacheza. Hakuwa na baridi, maana ndani ya banda lile mchicha unaota. Nikageuza uso nikajifanya nahesabu mipira.

Hapo ndipo penye ubaya wetu sisi watu wa huku, nami nasema bila kuficha. Tukimpenda mtu na kumheshimu, tunajifanya hatuoni. Mke wake alijua, mimi nilijua, vijana wakajua theluji ilipoyeyuka na noku ikarudi uwanjani. Mipira ilikuwa laini. Mpira uliokuwa unapita kama umefukuzwa sasa ulikuwa unajikokota. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa tulikuwa tunaficha kijiji kizima.

Na vijana wetu wale, kumi na watatu jumla, wakafanya jambo ambalo nadhani haliwezi kufanywa na watoto wa mahali pengine popote. Bila kuambiana neno, walisogea mbele hatua mbili ili mpira uwafikie. Mpira wa mita moja pembeni, ambao bibi yangu angeudaka kwa kapu, walijitupa chini kwa kifua kuudaka, vumbi juu, "Aisee kocha, huo ulikuwa mkali!" Gaku, nahodha na mdakaji wetu, kijana mpana kama mlango wa ghala, alikuwa akiinuka anahema makusudi. Walitaka mzee asijue kwamba mkono wake umeisha. Nilikuwa nawatazama nikisema moyoni, watoto gani hawa, nani amewalea. Nikasahau kwamba mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Ningepaswa kupiga hesabu.

Hesabu ilikuja Mei. Tulicheza mechi ya kirafiki na shule moja ya pwani, si shule ya maana, wenzetu wa daraja letu. Tukapigwa kumi na moja kwa mbili. Mipira ya kawaida kabisa ilipita katikati ya miguu ya vijana wetu. Niliandika makosa tisa ya kudaka mpaka penseli ikavunjika ncha. Walikuwa wamezoea mpira wa mgonjwa, na mpira wa mzima ukawashinda. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamebaki majuma saba, na ukifungwa mechi moja safari imeisha. Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu ndiyo besiboli ya maisha inakwisha hapo.

Kocha alisimama mwisho wa benchi, mkono wa kulia ameutia mfukoni. Hakumwuliza mtu hata mmoja ameona nini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya zile kumi na moja.

Sasa mwaka huo tulikuwa na mtoto wa mwaka wa kwanza aitwaye Ibuki. Mdomo wake hauna breki. Alikuja besiboli kwa sababu ya katuni ya televisheni ya kila Jumapili, ile ya timu ya sekondari yenye mrushaji ambaye mpira wake unatoa moto na kocha ambaye anafoka mpaka paa linapeperuka. Siku ya kwanza alimwuliza Asari, "Kocha, wewe utaanza lini kufoka?" Asari akajibu, "Ukiwa na moto tayari, niite." Tangu siku hiyo mzee akawa anaitazama katuni ile na wajukuu, na kila Jumatatu anakuja na malalamiko. "Yule kocha wa katuni hata siku moja sijamwona akisawazisha uwanja. Na vijana wake wanapanda daraja kwa kulia! Wakilia kidogo tu, wamejua kupiga. Mpunga ungeota hivyo ningekuwa tajiri."

Jumapili ile baada ya kipigo, Ibuki aliandika daftari. Nalijua neno kwa neno kwa sababu kocha alilisoma mbele ya wote.

"Leo sina kosa la kuandika, ninalo letu wote. Mipira ya kocha ni laini siku hizi. Tunasogea mbele na kujitupa makusudi ili asijue. Kaka Gaku ndiye alianza, lakini hata mimi nilifanya. Kwenye katuni kocha akiugua hufa sehemu ya mwisho na timu inashinda. Mimi sitaki hiyo. Naomba kocha usife, na naomba mipira migumu."

Jumatatu tulikuwa tumekusanyika mbele ya benchi, vijana wamevua kofia. Kocha akashusha daftari. Gaku alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamgeukia Ibuki, anasema ameuma meno: "Wewe mtoto nitakufukia hai leo."

"Kaka, nilisema kweli!"

"Kweli gani ya kumwaibisha mzee?"

"Gaku," kocha akasema. "Umeona nini?"

Gaku akainama. "Nimeona mkono wako unatetemeka, Kocha. Tangu Machi."

"Na ukafanya nini?"

"Nikasogea mbele."

"Basi." Mzee akatoa mkono mfukoni. Aliunyoosha mbele yetu sote, ukawa unacheza kama jani, naye akauacha ucheze, hakuukamata kwa ule mwingine. "Daktari ameshaupa jina. Hauui, ila hauponi. Niliwaficha, nanyi mkanificha kwamba mmejua. Tumedanganyana kwa adabu, na kwa adabu hiyo hiyo tumepigwa kumi na moja. Kosa la kwanza ni langu." Akainamisha kichwa mbele ya watoto. Mzee wa miaka sitini na saba! Nililia, na sioni haya kusema.

Kisha akasema, "Ibuki amepata ua. La mhuri, nisamehe." Halafu akachukua lile rungu jembamba, lenye mpini mweusi kwa jasho lake la miaka, akapita mbele ya Gaku, akapita mbele ya wote, akaja kusimama mbele yangu.

"Mwalimu, shika."

"Nishike nikupelekee wapi?"

"Nyumbani kwangu hapana. Pale." Akaonyesha kituo cha nyumbani.

Nilicheka. Nilidhani ugonjwa umepanda kichwani. "Kocha, mimi nina miaka hamsini na mitatu. Nina goti bovu."

"Vijana ni kumi na watatu, kila mmoja nahitaji adake, hakuna wa kupiga. Kocha msaidizi hatuna. Na wewe nimekuona Jumapili asubuhi pale kwenu barazani unavyokung'uta magodoro. Miaka kumi na minane natamani mchezaji mwenye kiwiko kile."

Vijana wakaangua kicheko, ndicho cha kwanza tangu mechi. Nilishika rungu kwa hasira tu. Mpira wa kwanza nilipiga hewa, nikazunguka kama pia. Wa pili uligonga kidole changu cha mguu. Wa tatu ukamgonga Ibuki begani, naye akapiga yowe: "Huo mgumu! Huo ndio nilioomba!"

Nilijifunza kama wao walivyojifunza. Aliniletea daftari jipya, akaandika jina langu juu. Nikikosea anasimamisha: "Umeona nini?" Siku ya kwanza nikamjibu, "Nimeona wazimu wako." Akasubiri. Ndiyo tabia yake, husubiri mpaka unaona haya. "Nimeona… nimetazama nilikotaka uende, sikuutazama mpira." "Haya, rudia." Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakawa sugu. Nilifundisha hesabu nikiwa nimeshika chaki kwa vidole viwili. Juma la tatu mipira ya chini ilianza kutoka vizuri, migumu, na niliona vijana wakirudi nyuma zile hatua mbili walizosogea. Juma la tano Ibuki alikosa mipira minne mfululizo akapiga glavu chini, nami nikajikuta nasema, kabla kocha hajafungua mdomo: "Umeona nini?" Mzee alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akajikuna sikio.

Kwenye daftari langu aligonga mhuri wa tarehe tu. Ua la mhuri hata mara moja hakunipa. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Mimi ninayewapa watoto maua miaka thelathini nalala nikiwaza ua la mzee mmoja!

Mpira mmoja tu ulinishinda kabisa, ule wa mdakaji. Katika kumi nilipata mmoja, na huo mmoja ni kwa kubahatisha. Mingine ilienda nyuma ya wavu, mingine kwenye shamba la figili.

Mwanzoni mwa Julai akaja Mzee Kosaka, mwenyekiti wa waliosoma zamani na kucheza katika timu. Yeye ni mwuza mchele, tumbo mbele, na alikuwa na mtu wake mkononi wa kumweka badala ya Asari. Alinikuta uwanjani na rungu.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Mwalimu, noku ya mashindano anapiga kocha. Asiyeweza kuipiga si kocha. Ndivyo ilivyokuwa, ndivyo ilivyo."

"Kanuni zinaruhusu msimamizi," nikasema. "Nimezisoma. Wewe umezisoma?"

"Mwanamke avae sare, asimame mbele ya watu, apige hewa? Tutachekwa mkoa mzima!"

"Mei tulipigwa kumi na moja, hukuja kuona aibu. Leo ndiyo umeiona?"

Uso ukamwiva. Akamgeukia Asari, ambaye alikuwa anasawazisha udongo taratibu na reki. "Tamotsu, nakuambia kwa sababu tulicheza pamoja. Siku ya mechi mpira wa mwisho ukiharibika mbele ya jukwaa, mimi nakwenda kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Watu watasema timu ya Kuromatsu haina kichwa."

Kocha akaendelea na reki yake. "Sawa," akasema. "Njoo mapema basi, upate kiti kizuri."

Alipoondoka nilimrukia. "Sawa nini? Unaweka ukocha wako kwenye mpira ninaoupata mmoja kwa kumi? Huna akili!"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mwalimu," akasema, akaenda kufukia shimo la fuko.

Siku ya mechi jua lilikuwa kali. Sare niliyopewa ilikuwa ya Gaku ya akiba, suruali ikanishuka, nikaifunga kwa mikanda miwili. Mume wangu alikuwa jukwaani ameficha uso kwa kofia. Mzee Kosaka alikuwa safu ya mbele, amekunja mikono juu ya tumbo. Wapinzani wetu walikuwa ni walewale wa pwani, kura ilitupangia, na niliwasikia wakicheka: "Wameleta mama wa nani?"

Kipaza sauti kikasema dakika saba zimeanza. Kocha akasimama pembeni yangu, ndoo ya mipira mbele yake, mkono unacheza waziwazi mbele ya watu elfu moja. Hakuutia mfukoni. Alikuwa akinipa mpira mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto.

Nilipiga. Chini kulia, chini kushoto, katikati. Sikukosa hata mmoja. Vijana walikuwa wanapokea kwa sauti kubwa kama watu wanaolipa kisasi, Ibuki anateleza na kuinuka na kurusha, mpira unalia kwenye glavu. Kicheko cha pwani kilikwisha dakika ya pili. Nilipopiga ule wa mbali kwenye uzio nikauona unakwenda pale nilipotaka, nilitamani mama yangu angekuwa hai.

Ikabaki nusu dakika. Gaku akasogea nyuma ya kituo, akavua barakoa yake, akatazama juu. Jukwaa likajua umefika ule wa mwisho. Wale wazee wa kuja mapema walikuwa wamesimama.

Nikarusha mpira, nikapiga. Ukagonga ukingo wa rungu, ukaruka nyuma kwenye wavu, tang! Jukwaa likaguna, "Aaaah." Sikutaka kumtazama Kosaka lakini macho yalienda yenyewe. Alikuwa ameshaanza kuinuka.

Sekunde kumi na tano. Nikafuta viganja kwenye suruali, nikamgeukia kocha. Akainama kwenye ndoo, hana haraka, akatoa mpira mwingine.

"Mwalimu, umeona nini?"

"Nimemwona Kosaka," nikasema.

"Ana sura mbaya, sivyo?" Akaniwekea mpira kiganjani, kidole chake kikagonga-gonga mshono wake mwekundu. "Tazama huu. Una sura nzuri."

Nikautazama mshono ule. Nikaurusha, nikauona unapanda, nikauona unasimama, nikaukung'uta kwa chini kama nilivyokung'uta magodoro miaka yote. Sikusikia mlio. Nilisikia Gaku akipiga kelele, "Wangu! Wangu!" nikainua uso, na mpira ulikuwa juu, juu mno, mdogo kama punje ya mpunga, wima kabisa. Gaku hakusogea hata hatua moja. Alisubiri, akasubiri, akaupokea kifuani. Watu wakalipuka. Wa pwani pia walipiga makofi.

Tulishinda nne kwa tatu. Sitakuchosha na yote, ila ujue hili: mwisho wa mechi, adui yuko kituo cha tatu, akifika cha nyumbani wamesawazisha, mpira ukapigwa mkali kama risasi pembeni ya Ibuki, na Ibuki akajitupa. Safari hii hakujitupa kwa adabu. Aliudaka, akarusha akiwa magotini. Nilipiga yowe mpaka mwamuzi akaniangalia.

Kosaka alishuka kwenye mlango wa wachezaji akiwa amevua kofia. Alimpita kocha, akaja kwangu, akainama. "Mwalimu," akasema, "Alhamisi pia unapiga wewe?"

"Kama suruali itakaa," nikamwambia.

"Mke wangu ataipunguza. Nipe nimpelekee." Na kweli alikuja kuichukua jioni. Yule mtu wake wa kumweka badala ya Asari sijamsikia tena, na mwaka huu kocha bado yupo na ndoo yake.

Alhamisi tulishinda. Mechi ya tatu tulikutana na shule yenye wachezaji tisini, tukafungwa mbili kwa moja. Kwenye kitabu changu cha matokeo, sehemu ya makosa ya kudaka ya Kuromatsu, kwa mechi zote tatu, niliandika sifuri, sifuri, sifuri. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sijapata kuandika tarakimu nzuri kama zile.

Siku tatu baadaye kocha aliwarudishia vijana wa mwaka wa tatu madaftari yao ya mwisho. Walikuwa wanalia na kucheka, Gaku anamkaba Ibuki shingo na kumwachia uongozi wa reki. Nami akanipa langu. Nilikuwa nimeandika, siku ile ya kufungwa, mstari mmoja tu: "Leo nimeona kwamba sitaki iishe."

Chini yake kulikuwa na ua. Halikuwa la mhuri. Lilichorwa kwa kalamu, jekundu, duara limepindapinda, petali nyingine kubwa nyingine ndogo, wino umeruka pembeni mara kadhaa pale mkono ulipomshinda akaanza upya. Ukurasa wa nyuma wake alama za kalamu zimetokeza, alikuwa amekandamiza kwa nguvu zake zote. Mke wake aliniambia baadaye kwamba alikaa nalo mezani tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana.

Daftari nimeliweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, na mume wangu amekatazwa kuligusa.